Pale Ngoma Inaponyamaza

Kwa maneno ya Zuena, jeneza la Anton lilikataa kupita.

Zuena ni mama wa vitumbua pale Itetemia, anapakana ua kwa ua na kina Elieth, na habari haijawahi kutoka mdomoni mwake ikiwa na njaa. Hii aliisimulia bombani, akaisimulia kwenye mashine ya kusaga, akaisimulia msibani kwenyewe sahani ya wali ikiwa mkononi. Kwamba vijana walimtoa Anton vizuri nyumbani kwa baba yake, Mzee Lugembe. Wakavuka mbuga ya mpunga, wakapita daraja la mbao, wakashika ile barabara ya zamani ya wapagazi wa pembe. Walipofika mbele ya mlango wa Bibi Ngollo, miguu ikashika ardhi. Jeneza likawa zito kama jiwe la kusagia. Wafyatua matofali hao, watu wa shingo, wakatokwa jasho wasisogee hata unyayo. Na nani alikuwa amesimama mlangoni? Bibi Ngollo mwenyewe, macho mekundu, ungo mkononi.

"Ungo," Zuena alikuwa akirudia, kisha ananyamaza ili neno lizame. "Mchana kweupe. Mtoto wa watu anapelekwa kaburini, yeye katoka na chombo chake cha safari kumsindikiza."

Mpaka katekista aliponyanyua msalaba juu, alisema, ndipo marehemu akakubali kuendelea.

Elieth aliyasikia hayo akichuja asali uani, na mikono ikamsimama ndani ya ndoo. Alikuwapo. Alikuwa nyuma ya jeneza hatua chache tu, ngoma kubwa ya bendi ya parokia imemning'inia kifuani, maana mpigaji wa zamani alihamia Dar na wanaume waliobaki kila mmoja alitaka tarumbeta. Kama kulikuwa na mtu Itetemia nzima anayejua kwa nini jeneza lilisimama, ni yeye.

Ile machi ya mazishi si wimbo wa huku. Ilitungwa ng'ambo, kwa ajili ya okestra, ukumbi mzima wa watu wenye vinanda vya nyuzi na filimbi. Mwalimu Emilian, kiongozi wa bendi, aliipunguza pole pole kama mshonaji anayekata koti la baba limtoshe mtoto, hadi ikatosha tarumbeta chache, tromboni, besi moja iliyobonyea, na ngoma. Mwendo wake ni wa mtu aliyebeba kitu asichotaka kukifikisha. "Taratibu," Emilian alikuwa akiwaambia kila mazoezi. "Huyu tunayempeleka hana haraka. Tusimpite."

Sehemu yake ya kwanza inakaa kwenye la, ile ya do-re-mi. Wanakwaya wanajua: wimbo unaokaa la ni wimbo wa machozi, kila sauti inayopanda inarudishwa chini, kama mgonjwa anayeinuka kitandani akalazwa tena. Halafu katikati machi inahama. Inatoka la na kwenda do, na do ni jua. Tarumbeta zinang'aa, mtu anaweza kudhani amekosea msiba. Na hapo ngoma kubwa inanyamaza kabisa, mpigaji anashusha kirungu na kutembea tu, mpaka wakati wake ufike aingie tena na kuwarudisha wote kwenye la.

Miaka yote Emilian alikuwa akiiruka hiyo katikati. Wanapiga ya kwanza, wanairudia, wanairudia, wamefika. Lakini Anton alikuwa mwenzao, tarumbeta ya pili, kijana aliyeondoka kwa kifua cha siku mbili, na hiyo katikati ndiyo aliyokuwa akiipenda. Basi Emilian akasema: leo nzima.

Wabebaji hakuna aliyewaambia. Na wabebaji wa Itetemia wana sheria yao. Aliye mbele hamwoni wa nyuma, aliye nyuma haoni njia, wote wanashikwa na kitu kimoja, ngoma. Mguu unashuka ngoma inapolia. Ngoma ikinyamaza, simama, maana kuna shimo au kuna gari. Ndivyo walivyofundishwa na baba zao, na baba zao na babu zao waliobeba mizigo ya watu wengine hadi pwani. Basi ngoma iliponyamaza wakasimama. Iliporudi, wakaenda. Katekista na msalaba wake hawakuhusika.

"Dada Zuena, ni mimi niliyenyamaza," Elieth alisema juu ya ua. "Wale wanatembea kwa ngoma. Ngoma iliacha, wakaacha."

"Ulinyamaza wewe."

"Mimi."

"Na nani alikunyamazisha?" Zuena aliuliza kwa upole, akigeuza kitumbua.

Elieth akafikiri kwanza. "Ndivyo machi ilivyoandikwa."

"Iandikwe Ulaya, inyamaze mlangoni kwa Ngollo." Zuena akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, wewe piga ngoma. Haya mengine waachie wenye macho."

Kabla wiki haijaisha, mtetea wa Bibi Ngollo alikutwa mlangoni shingo imezungushwa. Kisha mawe yakapiga bati. Kisha mtu akauchora mlango kwa mkaa, alama ambayo kila aliyeiona aligeuza uso. Elieth hakuwa mtu wa kukimbilia mambo; alikuwa mtu wa kutazama maji mpaka yatulie. Lakini kwa macho kama yale ya Bibi Ngollo, mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, alikuwa amesikia habari za vikongwe wa vijijini waliokatwa mapanga kama miwa, na waliokata wakaenda shamba asubuhi iliyofuata. Akaenda kumwona.

"Mwangaluka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. "Umekuja na ngoma au umekuja na panga?"

"Nimekuja mikono mitupu."

"Basi kaa. Wa mikono mitupu siku hizi ni wachache."

Elieth akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Akamuuliza, bila kuzunguka, kwa nini siku ile alitoka.

"Nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta," bibi alisema. "Wimbo wenu niliusikia tangu darajani, unatambaa, unatambaa. Nikasema sitoki, nimeshazika vya kutosha na miguu inauma. Halafu ukageuka. Ukawa kama mtu amefungua dirisha. Nikajiuliza, hiki nini tena, msibani? Nikatoka kutazama, na ungo nimeusahau mkononi." Akatupa jiwe dogo uani. "Ulikuwa mzuri. Nikasema Anton kapata watu."

Elieth akageuka kuitazama barabara. Kumbe ni pale pale. Kilichowasimamisha vijana ndicho kilichomtoa bibi mlangoni, na aliyeona akaona viwili vimekutana, akafunga ushahidi.

"Nenda Nzega kwa mwanao, bibi. Kwa muda."

"Nikienda watasema kakimbia, wachome nyumba, na habari itanitangulia Nzega. Niondoke hapa niende kuwa mchawi wa ugenini?" Akacheka bila meno. "Mume wangu kazikwa pale nyuma ya mihogo. Nitakaa naye."

Itetemia, mtu wa kumaliza jambo hilo alikuwa mmoja tu, naye ndiye mwenye msiba. Mzee Lugembe ni mkubwa wa sungusungu, walinzi wa jadi. Akisema mtu aachwe, anaachwa. Akikaa kimya, vijana wanajua kimya hicho kina maana gani. Elieth alimfuata pamoja na Mwalimu Emilian, wakamkuta uani amezungukwa na viti vitupu vya matanga.

Emilian alieleza habari za la na do mpaka jasho likamtoka. Mzee Lugembe alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Mwalimu," akasema, "umemzika mwanangu kwa wimbo wa watu wa mbali, nami nikashukuru. Sasa unataka kunieleza na kifo chake."

"Si kifo, mzee. Ni lile la kusimama tu."

"Kijana mzima. Jumamosi anapuliza tarumbeta, Jumatatu hana pumzi. Mnaniambia pumzi inaisha hivi hivi." Hakupandisha sauti. Elieth aliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikitafuta kitu juu ya goti, visikipate.

"Mzee," Elieth akasema, "siku ya kusimika msalaba kaburini wabebaji watabeba tena. Tupige hiyo hiyo, njia hiyo hiyo, wabebaji wale wale. Ngoma itanyamaza pale pale. Wakisimama, utakuwa umeona mwenyewe."

Mzee Lugembe akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Na wasiposimama?"

Elieth akatazama chini. Mzee akajibu mwenyewe.

"Wakisimama, bibi yule ni mtu wangu. Atakayemgusa nitamfunga kamba mimi. Wasiposimama, msinijie tena na noti zenu."

Njiani Emilian alikuwa analalamika peke yake kama mtu mwenye jino. "Umeweka roho ya mtu kwenye miguu ya wafyatua matofali."

"Ndiyo miguu iliyosimama, mwalimu."

"Na mwendo? Ukiharakisha kidogo tutaupita mlango kabla ya do. Ukichelewa, tutanyamaza kwenye shamba la mihogo, tuonekane wehu."

Hilo ndilo lililomnyima Elieth raha. Kila jioni, kazi ya asali ikiisha, alikwenda darajani, akatembea hadi kwa Bibi Ngollo akijipiga paja kwa kiganja, taratibu, huku machi inapita kichwani. Mwanzoni mapigo yalimkimbia. Mtu mwenye hofu anaharakisha, hata kama miguu yake inajua. Baadaye yakatulia. Wapita njia walimwona, wakasema msichana wa ngoma naye ameanza kuchanganyikiwa, si bure, mlango wa nani ule.

Aliwafuata pia wabebaji huko wanakofyatulia, kando ya mbuga. Fikiri ndiye hushika mbele kulia, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Kirangozi, kama wale walioongoza misafara ya zamani.

"Kaka Fikiri, siku ile mlisimama kwa nini?"

"Si ulinyamaza," Fikiri alisema, akimshangaa. "Ngoma ikinyamaza unasimama. Nani asiyejua?"

Elieth alijisikia kama aliyetuliwa ndoo kichwani. "Wanasema jeneza liliwashika."

"Anton? Anton alikuwa mwepesi kama debe." Akashusha sauti. "Wenyewe wanapenda ya uzito, tukawaachia. Mtu akikununulia pombe kwa sababu ulibeba jeneza la ajabu, utamwambia ulikuwa unangoja ngoma?"

"Siku ya msalaba tembea vile vile. Usijue kitu. Nikinyamaza, simama."

"Sawa. Nitasema kwa miguu."

Lakini wenzake walikuwa wamesikia, na kwenye matope hakuna siri.

"Kirangozi, mwanamke akinyamaza na wewe unasimama?" mmoja akaanza. "Mkeo akinyamaza si utalala nje?"

"Punda anasimama akiambiwa," mwingine akasema. "Nyinyi mnasimama msipoambiwa. Heri punda."

Wakacheka wakishikilia majembe. Fikiri naye akacheka, ila Elieth aliyekuwa akimtazama aliona kicheko kimeishia mdomoni. Akawaaga, akaondoka.

Siku ya msalaba watu walikuja kama wanaokuja mpirani. Walikuja hata kutoka Gongoni, watu ambao Anton hawakumjua. Walijipanga kando ya barabara, na mbele ya nyumba ya Bibi Ngollo walisongamana pande zote mbili, wakiacha njia katikati. Msalaba wa saruji ulilazwa kwenye machela ile ile iliyombeba marehemu, umefunikwa shuka. Wabebaji walivaa mashati meupe.

Darajani Emilian alimwangalia Elieth, akashusha kiganja, machi ikaanza.

Elieth hakuwahi kupiga vile, na hatapiga tena. Kila pigo liliangukia mahali pake, zito, bila haraka, na miguu ya wabebaji, ya mbele na ya nyuma, ikashuka nalo kama miguu ya mtu mmoja. Tarumbeta zilipanda na kurudi la, zikapanda na kurudi la. Nafasi ya Anton kwenye mstari ilikuwa wazi, nayo iliacha tundu katika sauti, upepo ukawa unapita pale. Mzee Lugembe alitembea kando ya machela, kofia mkononi, macho kwenye miguu ya Fikiri.

Ua wa mihogo. Kona. Kinu kilicholazwa. Bibi Ngollo alikuwa amesimama mlangoni, safari hii bila ungo, mikono ameitanguliza mbele, viganja juu, ili kila mtu aone havina kitu.

Elieth akashusha kirungu. Tarumbeta zikahamia do.

Ilikuwa pale pale. Hata hatua moja haikupungua. Mguu wa Fikiri ulikuwa hewani, ukabaki hewani, na Elieth akasema moyoni, asante Mungu. Machela ikayumba. Kisha Fikiri akatupa jicho pembeni. Wafyatuaji wenzake walikuwa wamejipanga hapo, mmoja amekwishaziba mdomo kwa kiganja, anangoja. Fikiri akaushusha mguu mbele. Akaushusha na wa pili. Nyuma yake wenzake wakajikwaa, wakamfuata, kila mmoja na hatua yake, shuka la msalaba likateleza upande mmoja, lakini walikwenda. Walipita mlango wa Bibi Ngollo, wakapita na nyumba yenyewe, tarumbeta zikiwaka jua juu ya vichwa vyao.

Wakati wake ulipofika Elieth aliingia tena na ngoma, maana hakujua kufanya kingine.

Hakuna aliyepiga kelele. Ilisikika tu miguno ya chini, eeeh, ikisambaa toka mtu hadi mtu. Zuena alikuwa karibu kabisa na njia. Hakufurahi, hilo Elieth alimshuhudia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa kweli.

"Umeona, mdogo wangu," alisema Elieth alipompita. "Maiti humjua aliyemuua. Saruji haina adui. Saruji imepita."

Kaburini Mzee Lugembe alingoja msalaba usimikwe, akavaa kofia yake, akamjia Elieth.

"Nimekupa ulichotaka," alisema.

"Mzee, hawakutembea kama siku ile. Walijua. Fikiri alinieleza mwenyewe..."

"Nimekupa ulichotaka, binti."

Jioni hiyo kikao cha sungusungu kilikuwa kifupi. Bibi Ngollo apewe kesho yote. Jua likizama awe ametoka Itetemia. Akiwa hajatoka, wazee watafunga milango yao na kulala. Hayo ya kufunga milango ndiyo yaliyompata Elieth kifuani, maana alielewa, kama kila mtu alivyoelewa, kwamba mzee aliyelala hakuona kitu.

Asubuhi alikwenda ofisi ya mtaa. Akaambiwa maneno peke yake si kosa, aguswe kwanza. Akaenda kwa Emilian, akamkuta anafunga tromboni kwenye mfuko wake. Emilian alisema anamwombea bibi yule, na akasema kweli, machozi yalikuwa yamemjaa, lakini kwa Lugembe hatarudi, alishaonywa. Akapita kwa Bibi Ngollo. Bibi alikuwa ameshaoga. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, upande wa mihogo, na aliposhauriwa habari ya basi la Nzega alimuuliza Elieth kama amekula.

Basi akateremka mbugani, kwa wafyatuaji.

Walipomwona, utani uliishia njiani. Mmoja akakumbuka maji, akachukua ndoo. Mwingine akamfuata. Fikiri alibaki peke yake mbele ya rundo la udongo, miguu wazi, kalibu ya mbao mikononi.

"Kaka Fikiri."

Fikiri akajaza udongo kwenye kalibu.

"Sikuja kukulaumu. Waliokuangalia walikuwa wengi, na mimi ndiye niliyekuweka mbele yao." Elieth alisimama pembeni ya mstari wa matofali mabichi ili asiyakanyage. "Lakini bibi amevaa gauni la kanisani, anangoja. Hataondoka. Na jua bado halijafika kati, Mzee Lugembe yuko nyumbani, nimemwona. Njoo twende kwake. Wewe atakusikia, wewe ndiye uliyebeba. Huna haja ya kueleza noti wala wimbo. Umwambie kile ulichoniambia hapa hapa, ulipokuwa hujaogopa: kwamba mlisimama kwa sababu ngoma ilinyamaza, na kwamba jana ulitaka kusimama. Nitatembea nyuma yako, sitasema neno. Twende, kaka yangu."

Fikiri akausawazisha udongo kwa kiganja, akaigeuza kalibu chini, akaiinua taratibu. Tofali likabaki limekaa juani, kingo zake zimenyooka. Akainama kuchota udongo mwingine.